Wiki tatu hazitoshi kumfundisha mbwa wa kumwongoza asiyeona

SWALI: Docta, jambo yenu. Naandika kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Mdogo wangu ana miaka 26, na macho yake yalizimika miaka miwili iliyopita kwa ugonjwa wa presha ya macho. Hatoki nje bila mtu wa kumshika mkono. Nyumbani tuna mbwa wetu Simba, mchungaji wa Kijerumani wa miaka minne, analinda parseli, yaani kiwanja chetu. Kuna bwana mmoja anasema atamchukua kwa wiki tatu na kumrudisha akiwa anajua kumpeleka mdogo wangu sokoni na kanisani, pamoja na mikanda yake na kadi ya kuonyesha popote. Anataka dola 450, nusu tutangulize. Anasema kama mbwa wa hifadhi ya Virunga wanawafuata majangili msituni, Simba hawezi kushindwa na njia ya sokoni. Nimewatumia video ya mbwa aliyemfundisha. Nimpe? Au Simba amezeeka?

JIBU: Mama, usimpe hata franki moja. Umri wa Simba tuuache, shida haiko hapo.

Video yako nimeiangalia mara tano. Ni ya sekunde arobaini hivi. Mbwa anaketi, analala, anatembea ubavuni mwa bwana, anageuka anapogeuka, na nyuma kuna mtu anapiga makofi. Iangalie tena, ila safari hii mwache mtu, umtazame mbwa. Masikio yamelala nyuma. Mkia umebanwa katikati ya miguu. Anajilamba pua kila mara na hakuna chakula popote. Shingoni ana ukanda wenye kiboksi, wa kupigia shoti ya umeme, na macho yake hayabanduki kwenye mkono wa kulia wa bwana, ulioshika kile kitu cheusi. Halafu fika pale mwisho penye ndoo. Mbwa anaipita salama, bwana anaigonga kwa goti, maji yanamwagika. Na yeye anaona! Sasa mweke mdogo wako mahali pake, na pa ndoo uweke mtaro usio na kifuniko kama iliyojaa huko kwenu.

Mbwa yule alikuwa akiulinda mwili wake tu. Ndoo ilimhusu nini?

Kila wiki napata ujumbe wa namna hii, na karibu wote una kosa moja: watu wanadhani mbwa mtiifu kupita wote ndiye anayefaa kumwongoza asiyeona. “Docta, wangu nikisema kaa, anakaa hata mvua inyeshe!” Vizuri, ni mbwa mwenye adabu. Bado hajaanza kazi tunayoizungumzia.

Mbwa hajui njia ya sokoni wala ya kanisani. Anayejua njia ni mtu. Mdogo wako ndiye atakayehesabu kona, atakayesikiliza magari, atakayesema kulia, kushoto, mbele. Hata taa za barabarani mbwa hazimsaidii, kwa sababu nyekundu na kijani kwake zinakaribiana. Mtu husikiliza magari na kuamua mwenyewe kwamba sasa tunavuka. Mbwa kazi yake ni kwenda mstari ulionyooka, kuzunguka vizuizi, kusimama kwenye ukingo, na ile inayowashinda wengi: kukataa. Mdogo wako akisema mbele, na manseba, yaani dereva wa teksi ya pikipiki, anakuja kwa kasi akiwa upande usio wake, mbwa hatakiwi kutii. Anatakiwa asimame, au ajiweke mbele ya miguu ya mtu wake amzuie.

Niambie basi: mbwa ambaye kila alipokataa alipigwa shoti, siku hiyo atapata wapi moyo wa kukataa? Ataingia barabarani, na mdogo wako nyuma yake.

Mimi mwenyewe nilianzia kwa mbwa wa ulinzi wa migodini, nikajiona fundi. Baadaye nikapelekwa nje ya nchi kujifunza kazi hii. Siku ya pili mwalimu akanifunga kitambaa machoni, akanipa mpini wa mikanda ya mbwa wa miaka mitatu. Tulikwenda vizuri kama dakika kumi, halafu mbwa akasimama. Nikasema mbele. Hakwenda. Nikasema tena kwa sauti ya kule mgodini, kisha nikamsukuma kwa goti. Akabaki kama amepigiliwa misumari. Mwalimu, kwa upole uliojaa dharau, akaniambia ninyooshe mkono. Bomba la chuma lilikuwa mbele ya paji la uso wangu, karibu kabisa.

Fikiria lile bomba. Mbwa angepita chini yake bila kuinama, halikuwa kizuizi kwake. Alisimama kwa ajili ya kichwa changu. Hilo mbwa hazaliwi nalo. Hufundishwa kwa kupita na mtu chini ya kijiti kilichowekwa kimo cha kichwa: mtu anakigusa, wanasimama, anakigonga kwa mkono ili mbwa asikie, wanarudi nyuma, wanaanza upya, na mbwa akikizunguka mwenyewe anasifiwa na kupewa kipande cha chakula. Mara nyingi sana, mahali pengi, mpaka siku moja anainua macho juu bila kuambiwa. Mpini wenyewe ni mgumu ili kila anachofanya mabega yake kifike kwenye kiganja cha mtu. Kwa kamba laini mtu hasikii kitu.

Ndiyo maana miezi haikwepeki. Mtoto wa mbwa huchaguliwa kwa tabia, na kuanzia wiki ya tatu hadi kama ya kumi na nne ya maisha yake ndipo dunia inapoingia kichwani mwake: kelele, watoto, ngazi, soko, honi. Mwaka wa kwanza na zaidi anaishi ndani ya familia. Kisha mafunzo yenyewe, miezi minne hadi sita au zaidi, kisha wiki kadhaa pamoja na mtu atakayeongozwa naye, maana huyo naye anafundishwa. Wengi hutolewa njiani kwa woga, kwa nyonga mbovu, kwa kupenda mno kufukuza kuku. Shule ya kwanza ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Zaidi ya miaka mia imepita, na waliokaa na kazi hii maisha yao yote hawajaipata njia ya wiki tatu. Bwana wa video ameipata wapi?

Kuhusu Virunga, anakuchanganya makusudi. Mbwa wale wanafuata harufu ya mtu, pua chini, na kila kitu kingine wanakiacha. Mbwa wa kuongoza anatakiwa asishughulike na harufu yoyote, hata ya mishikaki ya jioni. Ukimpa mdogo wako mbwa wa kunusa, ataburutwa hadi kwenye mkaa wa muuza nyama.

Na kadi! Hata Marekani, ambako sheria inamruhusu mbwa wa namna hii kuingia dukani na hospitalini, hakuna kadi inayodaiwa mlangoni. Zinazouzwa kwenye intaneti ni karatasi tu. Ya bwana huyu ameichapisha kwenye duka la fotokopi, nina hakika ukigeuza nyuma ni tupu.

Wapo wengi, na si kwa wasioona tu. Mmoja alimletea jirani yangu mbwa “wa kumsikilizia” mama yake asiyesikia. Mbwa alikuwa anabweka mlango ukigongwa, kama mbwa wote wa mji huu. Kumbe mbwa wa kumsaidia asiyesikia anatakiwa amwendee mtu, amguse, ampeleke kwenye mlango. Mwingine anawalisha mbwa pilipili ili wawe wakali, na mbwa hao hao wakishindwa kulinda anawauza kwa wagonjwa kama mbwa wa kutuliza moyo. Mbwa aliyeumizwa tumbo mwaka mzima amtulize nani? Ukisikia mtu anataja siku ya kumaliza kabla hajamwona mbwa, ukisikia “nusu kwanza”, ukiona anakataa usisimame pale anapofundisha, funga mlango. Ukimuuliza akufunge wewe kitambaa machoni utembee na mbwa wake barabarani, utaona anavyopata safari ya ghafla ya Likasi.

Simba basi abaki na kazi yake. Amelelewa nyuma ya geti lenye kibao cha Chien méchant, yaani mbwa mkali, kwake kila manseba ni mwizi, na huwezi kumlaumu. Mchanje kichaa cha mbwa kila mwaka.

Mdogo wako anahitaji fimbo nyeupe, na hata shule za nje zinataka mtu awe amezoea kutembea kwa fimbo kabla hazijafikiria kumpa mbwa. Mpime akiwa amesimama wima: fimbo ifike kwenye mfupa wa katikati ya kifua. Aipeleke kushoto mguu wa kulia unapotoka, na kulia mguu wa kushoto unapotoka, kwa upana unaozidi mabega kidogo. Aanzie uani kwenu, kisha hadi getini, kisha hadi kona ya kwanza. Na ninyi acheni kumshika mkono na kumvuta. Yeye ndiye akushike juu kidogo ya kiwiko, wewe utangulie nusu hatua, mkono wako ukimwambia ngazi iko wapi. Afanye hivyo miezi mitatu, kisha uniandikie, safari hii yeye mwenyewe akwambie cha kuandika.