Na wasiolala Kaboya je?

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama jamii ina haja ya kutunza kumbukumbu za vita. Haja ipo, nani atabisha? Swali langu ni kumbukumbu za nani. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, tunaona mkuki na ngao vikiwekwa mnarani, na pale Kaboya, Muleba, askari wetu wa Vita vya Kagera wamelala kwa mistari. Wanastahili. Lakini sisi raia wa ng'ambo ya Mto Kagera, Missenyi?

Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipoingia mwishoni mwa Oktoba 1978 nilikuwa kwa mama mdogo, karibu na Bunazi. Alikuwa mshonaji. Wenzake wanafunga mizigo, yeye anafungua skrubu za cherehani. Kichwa akakipaka mafuta, akakiviringisha kwa kanga na gunia la kahawa, akakifukia migombani, juu akatupia majani makavu na mkungu uliooza ili udongo mpya usionekane. Babu anafoka kwamba tutauawa kwa ajili ya sindano. Tulivuka Kagera kwa mtumbwi, daraja la Kyaka lilishalipuliwa. Mumewe akarudi kuswaga ng'ombe. Hatukumwona tena.

Tuliporudi, nyumba haina bati wala milango. Kichwa kilikuwepo, kutu kidogo tu. Miguu yake ilishaibwa, kwa hiyo sare za shule alizishona akizungusha gurudumu kwa mkono. Mumewe hakuwa askari wala mgambo, basi hana kaburi wala jina popote.

Nilikusudia kuandika kwamba ile sauti ya Mwalimu Nyerere akitangaza vita dhidi ya Amin, "uwezo wa kumpiga tunao", ikome kuchezwa kwenye mechi za mpira. Inaniudhi. Ila mjukuu wa mama mdogo aliisikia huko huko mpirani, akamuuliza bibi yake: kumpiga nani? Bibi, ambaye kwetu alikuwa kimya miaka yote kuhusu mumewe, akamsimulia mpaka usiku. Mengine nayasikia kwa mtoto huyo. Shule zetu hazikuwahi kumfungua mdomo.

Basi ichezwe, isipokuwa kwenye matangazo ya biashara, hapo sikubali. Na kama halmashauri itajenga mnara, iandike majina ya raia, ndugu wakiridhia. Maana nilipomdokezea mama mdogo, alinijibu kwamba hataki jina la mumewe likae barabarani likinyeshewa mvua.