Masta sasa, au kazi kwanza?

SWALI: Shikamooni wahariri. Nimehitimu shahada ya uchumi kilimo nikiwa na GPA (wastani wa alama) 3.6, nimesoma kwa mkopo. Nimepewa mkataba wa miaka 2 Dodoma wa kukusanya takwimu za wakulima wa alizeti, mshahara wa msingi 650,000 kwa mwezi. Wakati huohuo nimedahiliwa shahada ya uzamili, na mjomba yuko tayari kunilipia ada ya mwaka wa kwanza. Natamani kufundisha chuo kikuu au kuongoza miradi ya kilimo. Mjomba anasema nikishaonja mshahara sitarudi darasani. Nifanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, na hongera. Saini mkataba huo. Mjomba anastahili kuelezwa kwa hesabu, kwa hiyo msomee majibu haya.

Ada ya mwaka wa kwanza siyo inayowakwamisha watu. Mwaka huo ni wa darasani, unapita. Shida huanza kwenye utafiti na tasnifu: nauli za vijijini, posho za wadodosaji, kuchapa madodoso, pango na chakula kwa miezi ambayo huingizi chochote. Fedha ikikatika katikati, ukusanyaji wa takwimu unasimama. Kama utafiti wako unafuata mavuno, msimu ukikupita unasubiri mwingine, na muda wa usajili ukizidi chuo kinakudai malipo ya nyongeza. Mwombe mjomba, kwa heshima, azitunze fedha zake kwa ajili ya hatua hiyo.

Kuhusu kufundisha, tukwambie ukweli mapema. Mkufunzi msaidizi, yaani ngazi ya kuanzia ya ualimu wa chuo, katika vyuo vikuu vyetu vya umma hutakiwa awe na GPA isiyopungua 3.8 ya shahada ya kwanza. Ukiomba uhadhiri msaidizi, ngazi inayofuata, uzamili wako unatakiwa ufike 4.0, na hata hapo cheti cha kwanza bado hutazamwa. Hiyo 3.6 haitapanda kwa sababu umeanza masta mapema. Usijiandikishe ukitegemea ualimu wa chuo peke yake.

Miradi ndiyo njia iliyo wazi kwako, na huko miaka ya kazi ina uzito. Ina uzito hata kwenye ufadhili wa masomo. Chevening ya Uingereza hutaka saa 2,800 za kazi. Ukifanya saa 40 kwa wiki, unazifikisha baada ya wiki 70. DAAD ya Ujerumani, kwa kozi zake za maendeleo, hutaka uzoefu wa miaka 2 baada ya shahada, na kwa kawaida haitaki shahada iliyopitisha miaka 6. Maana yake dirisha lako zuri ni kati ya mwaka wa pili na wa sita baada ya kuhitimu. Ukilikosa kwa kuzembea, hofu ya mjomba itakuwa imetimia. Weka tarehe ukiwa naye. Chevening kwa kawaida hufungua maombi Agosti kwa masomo ya mwaka unaofuata, hivyo anza kuandaa maombi kabla mkataba haujaisha, siyo baada ya kukaa nyumbani.

Kuna mambo ya kufanya wiki hii. Iandikie ofisi ya udahili uulize kama nafasi yako inaweza kuahirishwa hadi mkataba uishe; simu haitoshi, pata jibu la maandishi. Nenda kwa wahadhiri wawili wanaoijua kazi yako, waombe wakubali kuwa wadhamini wa maombi yako, na uwaachie nakala ya transkripti na mada ya utafiti wako. Ukiwapigia baada ya miaka mitatu wamefundisha mamia wengine, barua itakuwa ya jumla mno. Kazini, hakikisha mkataba unataja tarehe na saa za kazi. Ukitaka kutumia takwimu za alizeti kwenye tasnifu baadaye, omba kibali cha maandishi ukiwa bado ndani. Hili husahaulika sana, na huuma.

Usisahau Bodi ya Mikopo. Sheria inakupa miezi 24 baada ya kumaliza masomo, kisha makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwako ni shilingi 97,500 kila mwezi. Jizoeze kuziweka kando tangu mshahara wa kwanza. Zitakuwa nauli ya utafiti, na makato yakianza hutayumba.

SWALI: Mimi ni mhitimu wa uhandisi ujenzi. Nisome masta kabla ya kusajiliwa?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Jisajili kwanza Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, uombe mpango wa mafunzo ya vitendo wa miaka 3 unaosimamiwa na bodi hiyo. Kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu kunadai kazi za vitendo zenye kumbukumbu, na shahada ya pili haiwezi kuziba pengo hilo. Jaza daftari lako la kazi kila wiki na umwombe msimamizi alitie saini papo hapo, maana akihamia mradi mwingine kumpata ni kazi.