Zawadi za kupeleka ughaibuni kutoka Mbeya na Iringa: jua kwanza zimetoka kijiji gani

Mkuu, swali lako nimeshalilipia ada mwenyewe, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu. Kwa wanaoanzia hapa: mleta uzi yuko Mbeya, mwezi ujao anakwenda Ujerumani kwa familia itakayompokea. Anataka zawadi za asili za nyanda za juu kusini, si vitu vya kila duka la watalii, na begi lake lisizidi kilo 23.

Mimi nimesafiri na vitu vya kwetu mara tatu, zote kwa dada yangu anayeishi Ulaya. Safari ya kwanza nilinunua kila kitu dukani, siku mbili kabla ya kuondoka. Muuzaji akanionyesha kibakuli cha jiwe laini kilichochorwa twiga, akasema ni kazi ya Wakisi wa hapa hapa ziwani. Nikaamini. Nilipofika, nikawasimulia wenyeji habari za Ziwa Nyasa na mama zetu wafinyanzi wa Matema, kule ufukweni, huku kibakuli kikizunguka mezani. Baadaye ndipo nikaja kujua kwamba lile ni jiwe la Kisii, linalochongwa Tabaka huko Kenya. Wakisi wetu wanajulikana kwa kufinyanga udongo. Majina yamekaribiana tu, watu ni wengine na kazi ni nyingine. Iliniuma sana, maana nilikuwa nimesema uongo nyumbani kwa watu bila kujua, na nikawanyima sifa yao wachongaji wa Kenya. Tangu siku hiyo sitoi hela kabla sijajua kitu kimetoka kijiji gani. Hata vinyago vya mpingo vinavyouzwa huku Mbeya, wenye sanaa hiyo ni Wamakonde wa kusini. Ni vizuri, nunua ukipenda, ila usiwaambie wenyeji wako kwamba ni vya Mbeya.

Kama ningekuwa wewe, ningeanza na chungu cha Wakisi. Wenyewe wako ufukweni mwa Ziwa Nyasa, pale milima ya Livingstone inaposhuka hadi majini, na kijiji chenye jina kwa ufinyanzi ni Ikombe. Wanaofinyanga ni akina mama, kwa mikono, bila gurudumu. Vikishachomwa hupakiwa kwenye mitumbwi kuletwa Lyulilo, jirani na Matema, kwenye soko la Jumamosi. Kutoka hapo husambaa Kyela, Tukuyu, hadi huku Mbeya mjini. Ina maana chungu ukinunulia huku mjini kimeshapita mikono kadhaa, na anayekuuzia mara nyingi hajui nani alikifinyanga.

Lyulilo ndiko nilikofundishwa kununua. Nilikuwa nimeshika chungu kidogo chenye nakshi nyeupe juu ya wekundu, nakigeuza geuza kama mjuaji. Mama aliyekuwa anauza akanipokonya taratibu, akakikalisha kwenye kiganja, vidole vimenyooka, akakigonga kwa kifundo cha kidole. Kikalia ngiii, sauti ikakaa. Akachukua cha pili, pacha wake kabisa kwa macho, akagonga: dufu, sauti ikafia pale pale. "Hiki kina ufa, mwanangu. Jicho haliuoni." Akakisogeza nyuma yake, hakutaka kuniuzia. Mama wa watu angeweza kabisa kuchukua hela yangu, nami nisingejua mpaka kipasuke.

Kwa hiyo gonga kila chungu, na ukigonge kikiwa kwenye kiganja, si chini. Pitisha vidole ndani uone kama ukuta una unene ule ule kutoka kitako hadi mdomo. Doa jeusi la moshi lisikutishe, hiyo ni alama ya moto wa wazi. Jambo moja uwaambie wenyeji wako: udongo uliochomwa hivi hunywa maji na kutoa jasho, kwa hiyo wasikiweke na maji juu ya meza nzuri ya mbao.

Kufunga ndiyo kazi yenyewe. Chungu changu cha kwanza nilikiviringishia magazeti nje tu, nikakikabidhi kwenye buti la basi, Mbeya nikapokea vigae. Yule mama ndiye aliyenionyesha kwamba unaanza ndani: jaza majani makavu ya mgomba mpaka yabane, ndipo uzungushie mengine nje na kufunga kwa kamba za mgomba huo huo. Chungu chenye tumbo tupu hupasuka kikibanwa kidogo tu. Lakini majani hayo yaishie Mbeya, usiende nayo uwanja wa ndege, maana watu wa ukaguzi wa mimea kule wako makini. Nyumbani yatoe, ujaze soksi na fulana, kisha uviringishe kitenge ambacho nacho ni zawadi. Chagua chungu cha ukubwa wa ngumi mbili, ukibebe mkononi ndani ya ndege.

Ukiona chungu ni mtihani, basi vikapu vya Iringa. Hivi husukwa kwa milulu, aina ya nyasi, hasa na akina mama wa vijijini, na kwa msafiri sijaona kitu chepesi kuvizidi. Vitatu vya ukubwa tofauti unavitumbukiza kimoja ndani ya kingine, cha ndani kabisa unajaza nguo, hujapoteza nafasi hata kidogo. Kikibonyea njiani, kinyunyizie maji, kinyooshe kwa mikono, kiache kivulini kikauke. Kabla ya kununua kipindue uangalie katikati ya kitako alikoanzia msukaji: pakiwa na matundu pale, huko juu napo amelipua. Vyenye rangi vijaribu kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Chagua visivyo na mikanda ya ngozi. Na ukiona unga unga chini yake, mdudu yumo, kiache.

Ukifika Iringa mjini pita Neema Crafts. Kazi ile ilianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo, na leo ni karakana ya watu wenye ulemavu wanaofuma, kushona na kutengeneza mapambo. Kadi za karatasi ile hazina uzito wowote, na habari yake ni ya kweli mwanzo hadi mwisho.

Vya kukwepa ni vichache. Ngozi, meno, kucha, manyoya ya wanyamapori, usiguse hata ukiambiwa ni vya zamani, sheria yetu ya wanyamapori ya 2009 haina mzaha. Mpingo uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ila vitu vilivyokamilika visivyozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja havidaiwi kibali cha mkataba huo. Kwa anayekwenda Australia au New Zealand, kila kitu cha mmea au mbao kitangaze kwenye fomu.

Kuhusu bei, nawaomba wote mnaosoma. Kikapu kimoja kinakula siku kadhaa za mtu, halafu tunamkazia mama ashushe elfu mbili kama tunanunua fungu la nyanya. Kuuliza kama bei inapungua si dhambi. Ila msalimie kwanza, Iringa sema "kamwene", kisha muulize jina lake na kijiji chake, na kama anaridhia uyaandike kwenye kikaratasi. Huku Rungwe na Kyela ukiondoka sema "ndaga", yaani asante. Mimi kikaratasi hicho nakitia ndani ya chungu. Safari ya mwisho, shemeji yake dada yangu alikikuta, akakisoma kwa sauti mezani akijitahidi kutamka Ikombe, na safari hii niliyoyasimulia yalikuwa ya kweli.

Kwa kuwa unaondoka mwezi ujao, nenda Jumamosi hii, usingoje ya mwisho. Lala Matema Ijumaa ili asubuhi uwe sokoni mapema, kabla wachuuzi wa jumla hawajachukua vizuri. Ukikwama kwenye kufunga nitafute inbox, niko Mbeya, nitakuonyesha kwa mikono.