Jibu: Fomula ni ile ile, mbona huu unavutwa na sumaku na ule hauvutwi?

Ndugu, umeuliza kwa nini unga wako wa feraiti ya zinki (oksidi ya zinki na chuma) haukushikwa na sumaku ulipotoka tanurini, ila ulipousaga muda mrefu ukaanza kuvutwa. Fomula bado ni ZnFe₂O₄. Kilichobadilika ni viti, yaani nafasi ambazo atomi zimekalia.

Fuwele hii ina nafasi za aina mbili: A, iliyozungukwa na oksijeni 4, na B, yenye oksijeni 6. Zinki hupenda A, chuma chote kinabaki B. Huko B ioni za chuma (atomi zenye chaji) huwasiliana kisumaku kwa unyonge, kwani pembe kutoka chuma kimoja kupitia oksijeni hadi kingine inakaribia nyuzi 90. Mpaka ushuke kwenye kelvini 10 hivi (karibu nyuzi −263 za Selsiasi) ndipo sumaku zake ndogo zinajipanga, na hata hapo zinafutana.

Kusaga kunavuruga viti. Zinki kiasi inahamia B, chuma kinaingia A. Sasa chuma cha A na cha B vinaonana kwa nyuzi 125 hivi, na mwingiliano huo ni mkali kweli! Sumaku zake zinaelekea kinyume, lakini B bado ina chuma kingi zaidi, basi ziada hiyo ndiyo inayovutwa.

Uuchome tena kwa joto kali, kisha uupoze polepole, usumaku utafifia. Usipofifia, shuku vumbi la chuma kutoka kwenye kinu chenyewe.