Kwa anayeanza na pikipiki kuukuu ya safari: pima kabla hujanunua kifaa

Mwaka wa kwanza wa pikipiki yangu nilinunua betri mbili mpya, na hakuna hata moja niliyokuwa na haja nayo. Betri niliyoikuta kwenye pikipiki ilifia Same saa moja jioni, nikitoka Dar es Salaam kwenda Moshi. Taa ya mbele ilianza kufifia tangu Hedaru, nami nikajisemea kwamba ni betri tu imechoka. Nikanunua mpya. Baada ya wiki tatu nayo ikalala. Muuzaji akaniambia nimepata mbovu, nikaongeza hela nikachukua nyingine, nayo ikaenda njia ileile.

Pikipiki yenyewe ni BMW R 80 RT ya 1986. Ina injini ya karibu cc 800, silinda mbili zimelala kila moja upande wake, na gurudumu la nyuma linazungushwa na shafti badala ya mnyororo. Injini ya namna hii huitwa boxer, na ukilitaja jina hilo kijiweni kila mtu atafikiria Bajaj Boxer, ile pikipiki ya bodaboda. Ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaoanza. Mafundi wetu ni hodari sana kwa pikipiki wanazozishika kila siku, lakini hizi za safari ndefu za miaka ya themanini na tisini huwafikia mara moja kwa miaka. Mwenye chombo ndiye anayepaswa kukijua.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja fundi umeme wa magari, pale Moshi. Hakushika spana. Aliniuliza swali moja tu: “Kijana, ukifungua swichi kabla hujawasha, taa ya chaji inawaka?”

“Haiwaki, mzee. Haijawahi kuwaka tangu niinunue.”

“Basi hapo ndipo pa kuanzia.”

Mimi nilikuwa nimefurahi kwamba taa ile nyekundu haiwaki, nikidhani ni dalili ya uzima. Kumbe alteneta, kile kinachozalisha umeme wa kuchaji betri, kwenye pikipiki hii haina sumaku ya kudumu. Sumaku yake hutengenezwa na umeme unaopita kwenye rota, sehemu yake inayozunguka, na ule umeme wa kwanza wa kuiamsha hupitia kwenye balbu ndogo ya dashibodi. Balbu ikiungua, njia imekatika, alteneta inazunguka bure na injini inaishi kwa akiba ya betri mpaka iishe. Magari mengi ya zamani yenye alteneta yamefungwa hivyo hivyo, ndiyo maana mzee alijua. Tulifungua dashibodi, tukachomoa balbu yenye ukubwa wa punje ya hindi, kioo chake kimekuwa cheusi kwa ndani. Tukaweka nyingine. Taa ikawaka, nikapiga stata, nikapandisha resi, taa ikazimika yenyewe. Mita kwenye betri ikasoma volti 13.9.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha kununua, kabla ya betri na kabla ya plagi, ni multimita, yaani mita ya kupimia umeme. Ya bei nafuu inatosha. Jifunze namba tatu tu kwa kuanzia. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi. Injini ikizunguka mara 3000 kwa dakika unataka kuona zaidi ya 13.5 na isizidi sana 14.2. Ikiwa kwenye sailensa, yaani injini inanguruma taratibu bila resi, usishtuke ukiona chini ya 13, kwa sababu alteneta hizi huchaji kidogo sana zikiwa polepole. Foleni ya mjini na taa zikiwa zimewashwa huila betri hata kama kila kitu ni kizima.

Namba zikikataa na balbu ni nzima, endelea na kaboni za alteneta, vile vipande vinavyogusa rota na kuipelekea umeme, kisha rota yenyewe. Rota hupimwa kati ya njia zake mbili za shaba. Nzima huwa karibu na omu 3, na iliyokatika haisomi kabisa. Lakini nisikilize vizuri hapa. Alteneta iko mbele ya injini, nyuma ya mfuniko wa aluminiamu, na karibu na mfuniko huo kuna bodi ya dayodi, inayogeuza umeme wa alteneta uweze kuchaji betri, yenye ncha ambazo zina umeme wa betri muda wote, hata swichi ikiwa imezimwa. Ukivuta mfuniko bila kuchomoa waya hasi wa betri, chuma kitagusa ncha, cheche itaruka, na utakuwa umeua dayodi uliyokuja kuikagua. Hasi kwanza, daima. Na rota haichomolewi kwa nyundo wala kwa kuchokonolewa na bisibisi: kuna boliti maalumu ngumu ya kuisukuma itoke. Kama huna, mwachie mwenye nayo.

Umeme nimeuweka mbele kwa sababu ndio unaotesa wageni, na kwa sababu dalili zake hujifanya ugonjwa mwingine. Betri dhaifu hufanya cheche kuwa dhaifu, injini inamisi, na mtu anavamia kabureta zisizo na kosa. Kabla ya kufungua kabureta, safisha ethi. Ule waya mnene unaotoka hasi ya betri hadi kwenye gia boksi ufungue, piga msasa pande zote mbili mpaka shaba na chuma ving'ae, ufunge tena. Dakika kumi. Kisha chomoa soketi moja moja, tazama kama kuna ukijani, safisha, rudisha.

Injini ikinguruma kilema, tafuta kwanza ni upande gani. Silinda mbili zilizolala mbali hivi ni zawadi kwa anayejifunza. Washa ikiwa ya baridi, subiri nusu dakika, dondoshea tone la maji kwenye kila bomba la moshi karibu na silinda. Upande unaofanya kazi utalia na kutoa mvuke, upande uliolala utalowa tu. Ukishaujua, usinunue kitu. Hamisha plagi ya kulia kwenda kushoto na ya kushoto kwenda kulia. Ugonjwa ukihama na plagi, umempata. Usipohama, hamisha waya za plagi ukiweza, na ukishindwa hapo ndipo uende kwenye mafuta. Unapotazama cheche, laza plagi igusane na chuma cha injini. Usiache kofia ya plagi ikining'inia hewani huku unapiga stata, kwa maana umeme usio na pa kutokea hurudi kuunguza mfumo wa kielektroniki wa kuwashia.

Kwenye mafuta, pikipiki iliyolala muda mrefu ina maji na kutu. Kabureta za Bing zina bakuli la chini linaloshikiliwa na kishikizo cha waya. Unakisukuma kwa kidole na bakuli linashuka, bila spana. Funga koki zote za petroli kwanza, injini ipoe, sigara iwe mbali. Mwaga petroli ya bakuli kwenye chupa angavu uiache itulie: maji hukaa chini kama ushanga. Mpira mwembamba wa juu, dayaframu, uutazame kwenye mwanga wa jua, na tundu la ncha ya sindano likionekana, badilisha. Na kama pikipiki inakwenda vizuri kilomita ishirini kisha inazima kama imekabwa, fungua mfuniko wa tenki. Ukisikia hewa ikivutwa kuingia na injini ikawaka tena, tundu la kupumulia limeziba.

Valvu zisikutishe. Injini iwe baridi kabisa, ya usiku mzima. Uwazi kati ya valvu na roka, mkono mdogo unaoisukuma, ni milimita 0.10 upande wa kuingiza na 0.20 upande wa kutoa moshi. Pandisha stendi ya kati, weka gia ya tano, plagi nje, zungusha gurudumu la nyuma taratibu huku ukichungulia kwenye kidirisha cha kushoto mpaka alama ya OT itokee, maana yake pistoni zimefika mwisho wa mwendo wao. Silinda ambayo roka zake zote mbili zinacheza ndiyo ya kupima. Zungusha injini mzunguko mzima mmoja, mpaka OT itokee tena, upime ya pili. Fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia uwazi, ipite kwa kuburuta kidogo, kama unavuta karatasi chini ya kitabu. Ukiwa na shaka, acha wazi kidogo kuliko kukaza. Valvu inayogonga utaisikia. Iliyokaza inaungua kimya.

Kuna mahali ambapo sikubali majaribio: breki na tairi. Pikipiki hii na mizigo yake ni nzito, na mteremko ni mteremko. Mipira inayopitisha mafuta ya breki yenye umri wa miaka mingi huvimba kwa ndani huku nje ikionekana safi, kwa hiyo ibadilishe, na mafuta ya breki pia. Tairi lisikudanganye kwa kashata (meno) nzuri. Ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka lilipotengenezwa. Namba tatu tu maana yake ni la kabla ya 2000, na hilo si la kupanda.

Vifaa bado vinapatikana kwa kuagiza, na muuzaji atataka tarakimu saba za mwisho za namba ya fremu. Ziandike kwenye simu. Piga picha kila unachofungua kabla hujakifungua, na uandike kwenye daftari tarehe, kilomita na ulichopima, hata kama kilikuwa kizima. Ukurasa wa kwanza wa daftari langu una mstari mmoja, “taa ya chaji haiwaki – nzuri”, na chini yake, kwa mwandiko wa mzee yule, namba ya balbu.