Homa ya kupe kwa mtoto aliyelazwa: hesabu siku

Dada uliyeuliza kwa nini watoto wawili hulazwa na homa ileile ya kupe, mmoja akarudi nyumbani na mwingine akazikwa, na kama ukubali mwanao aendelee kupewa doksisaiklini, antibiotiki uliyoambiwa inaharibu meno: nimeuguza wodi ya watoto huku Marekani miaka kumi na moja. Kwa niliyoyaona, kubwa kuliko yote ni siku. Hesabu kuanzia siku homa ilipoanza mpaka dozi ya kwanza ya dawa hiyo hiyo unayoiogopa.

Nasema juu ya ile kali kuliko zote huku, homa ya madoadoa ya Milima ya Rocky. Bakteria wake, Rickettsia rickettsii, huingia kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, kuta zikaharibika na maji yakavuja. Ndiyo maana mtoto huvimba kope na mikono, presha ikashuka, na ukimmiminia dripu kwa pupa mapafu nayo yanajaa. Dawa ikianza ndani ya siku tano za kwanza, wengi hupona. Baada ya hapo hatari hupanda haraka. Kati ya wanaokufa, karibu nusu hawavuki siku ya tisa tangu homa ianze.

Kinachochelewesha si uzembe kila mara. Mwanzoni ni homa, kichwa, kutapika na tumbo kuuma. Nani asingesema ni virusi? Basi watu husubiri upele, nao hutokea siku ya 2 hadi ya 4, na wengine hawaupati kabisa. Husubiri mzazi aseme alimwona kupe, na wengi hawakumwona. Wengine husubiri kipimo cha kingamwili, ambacho wiki ya kwanza mara nyingi husoma hasi ilhali ugonjwa upo.

Kuna mtoto wa miaka sita sijamsahau. Alishapelekwa kliniki mara mbili akapewa amoksilini, dawa isiyowafanya lolote bakteria hawa. Nilipomvua soksi nikakuta vidoa kwenye vifundo vya miguu mpaka nyayoni. Nikabonyeza kimoja kwa kidole, hakikufifia. Vya mwanzo hufifia ukivibonyeza. Hivi visivyofifia ni damu iliyokwisha kuvuja chini ya ngozi, na kwa kawaida huja siku ya sita kwenda mbele. Nikamuuliza mama homa ilianza lini. Akahesabu kwa vidole, akakosea, akaanza upya, akafika saba. Doksisaiklini ilianza saa ileile. Tulimpoteza usiku wa pili.

Yapo mengine yanayoongeza hatari: umri chini ya miaka kumi, degedege au kuchanganyikiwa, figo kushindwa, upungufu wa G6PD, yaani kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikishuka sana pamoja na sodiamu, chumvi ya damuni, sisi wauguzi hatusogei mbali na kitanda. Na dawa za salfa zinaweza kuuzidisha ugonjwa, kwa hiyo kama alipewa septrini, ambayo ni ya salfa, kabla hajalazwa, mwambie daktari, usione haya.

Kuhusu meno, hofu hiyo ilitokana na tetrasaiklini za zamani, dawa za ukoo mmoja na doksisaiklini. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inaitaja doksisaiklini kuwa dawa ya kwanza kwa kila umri, hata chini ya miaka minane, na watoto waliopewa kozi fupi walipochunguzwa meno baadaye hayakuonekana madoa. Mimi ningekubali bila kumaliza kusoma karatasi ya kukubali dawa.

Uliandika kwamba mwanao ana siku ya tatu ya homa na dozi ya kwanza ilitolewa jana jioni. Dawa ikianza mapema hivyo, homa huanza kushuka ndani ya saa 24 hadi 48. Ikifika kesho usiku haijatikisika, muulize daktari anafikiria nini kingine. Na mvue soksi umtazame nyayo.