Kabla ya Kuamini Asilimia za Uchaguzi wa Marekani, Uliza Ni Nani Aliyepokea Simu

Nilipokuwa mwanafunzi huko Ohio, nilifanya kazi ya jioni ya kuwapigia watu simu kwa niaba ya kampuni ya utafiti wa maoni. (Nasema "utafiti wa maoni" kwa makusudi, maana kwetu Tanzania "kura ya maoni" ni mchujo wa wagombea ndani ya chama.) Kompyuta ilichagua namba, nami nikasoma maswali kama yalivyoandikwa, bila kuongeza neno. Zipo zamu nilizomaliza na mahojiano matatu tu yaliyokamilika, kwani wengi hawakupokea simu, na wengine walikata kabla sijamaliza kujitambulisha. Waliokubali kuzungumza mara nyingi walikuwa wazee, au watu wanaoipenda siasa kuliko majirani zao.

Kwa hiyo, ukiona habari kwamba mgombea fulani anaongoza, usianze na asilimia. Anza kwa kuuliza ni akina nani waliofikiwa. Wingi wa watu peke yake hausaidii. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilituma karatasi za kura zipatazo milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, na likatangaza kuwa mgombea Alf Landon angemshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati uchumi umeanguka na maskini hawana simu wala gari, na tena waliomchukia Roosevelt ndio waliokuwa na ari zaidi ya kurudisha karatasi. Mtafiti wa maoni George Gallup, aliyehoji watu wachache mno kuliko hao lakini akawachagua kwa uangalifu zaidi, alimtabiri mshindi.

Tatizo hilo halijaisha, limebadilika sura tu. Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, ilieleza kuwa katika tafiti zake za simu kiwango cha walioitikia kilishuka kutoka asilimia 36 mwaka 1997 hadi 6 mwaka 2018. Watafiti hufidia pengo hilo kwa kuyaongezea uzito majibu ya makundi yaliyopatikana kwa uhaba, lakini ni lazima kwanza wajue kundi lipi limekosekana. Mwaka 2016 tafiti nyingi za majimbo zilikuwa na wahitimu wa vyuo kupita kiasi na hazikurekebisha hilo, ilhali Wazungu wasio na shahada walielemea kwa Donald Trump. Ndiyo sababu mojawapo ya mshangao wa Wisconsin, Michigan na Pennsylvania, majimbo ambayo tafiti zilimpa mpinzani wake lakini Trump akayashinda. Tafiti za nchi nzima hazikukosea sana, kwa kuwa Hillary Clinton alimzidi kura kwa takriban pointi 2, ila rais huamuliwa na wajumbe 538 wanaompigia kura rasmi, wanaogawanywa kwa majimbo, na wengi wao walikwenda kwa Trump. Fuatilia majimbo yanayogombaniwa.

Kuhusu kiwango cha makosa, yaani kiasi ambacho matokeo yanaweza kupotoka kwa bahati tu ya nani aliyechaguliwa kuhojiwa, nitasema kwa ufupi: kwa watu 1,000 ni kama pointi 3 za asilimia juu au chini kwa kila mgombea, na kwa tofauti kati ya wawili hukaribia mara mbili ya hapo. Matokeo ya 48 kwa 46 hayana kiongozi. Na kiwango hicho hakiwahesabu walionikatia simu.

Lakini jambo lililonibadilisha zaidi ni swali lenyewe. Profesa George Bishop na wenzake waliwahi kuwauliza Wamarekani kuhusu sheria ambayo haikuwepo kabisa, na takriban theluthi moja wakatoa maoni yao. Sikushangaa niliposoma habari hiyo. Jioni moja nilimsomea mzee mmoja swali kuhusu muswada wa bajeti, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Chama changu kinasemaje?" Nilimjibu kuwa siruhusiwi kusema. Nikamsikia akimuuliza mkewe, mkewe akataja jina la mwanasiasa aliyeupendekeza, na mzee akarudi kwenye simu kwa sauti ya uhakika: "Andika kwamba napinga vikali." Niliandika.